Somo yangu, usiikodishe mikarafuu kwa ajili ya ada

Somo yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Mwanakwerekwe hatujambo, ila joto na watoto wenye mafua. Sauti ulizonitumia nimezisikiliza zote, nikaona jambo lenyewe halijibiki kwa simu huku nimeshika mwiko. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Umeniuliza mambo mawili ukayafunga pamoja: kama hii MBA, shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara, ina maana yoyote kwa mtu kama wewe wa ofisi ya ushirika huko Pemba, na kama umkubalie yule bwana anayetaka kulikodi fungu lako la mikarafuu la Mtambwe kwa misimu mitatu, akutilie milioni nne mkononi ulipie ada. La kwanza nakwambia soma, ingawa nina maneno yangu. La pili nakwambia usithubutu kwa bei hiyo, na hesabu ya kukuonesha nimeipata humo humo katika darasa la MBA ninalosoma.

Tuanze na ada. Chuo hakikudai zote siku ya kuripoti. Ada hulipwa kwa muhula, na vyuo vingi ukienda ukasema nao wanakugawia tena ndani ya muhula. Kwa hiyo unachohitaji sasa ni kipande cha mwanzo, na wewe unataka kuuza miaka mitatu ya shamba ili upate fedha ambazo nyingi yake zitakuwa zimekaa tu. Na zikikaa nyumbani kwenu, unajua mwenyewe: kuna harusi, kuna bati la jikoni, kuna ami ana shida ya siku mbili.

Sasa lile daftari la marehemu baba. Nimefurahi umelihifadhi, maana watu wengi wanakodisha mikarafuu kwa kukisia tu kwa macho. Mle kuna pishi mbichi za kila siku, ujira wa wachumaji, chakula cha kambi, kilo kavu zilizopokelewa kituoni, mpaka fedha za makonyo, vile vikonyo vya karafuu vinavyouzwa mbali. Unajua kilo tatu mbichi zikishakauka hubaki kama kilo moja, kwa hivyo anayekuhesabia pishi za mtini bila ya kutaja jamvi la kuanikia anakuchezea. Nimechukua makisio uliyonipa kutoka mle: msimu mkubwa, ukishatoa gharama zote, unabakiwa na milioni tatu na nusu, msimu wa kati, milioni moja na nusu, msimu mbaya, laki sita. Tuseme misimu mitatu inayokuja itakuwa mmoja wa kila namna. Jumla ni 5,600,000. Yeye anakupa 4,000,000 leo.

Utasema leo ni leo. Kweli, na ndipo hesabu inapoanza. Shilingi ya mwaka wa tatu lazima uirudishe nyuma ujue leo ina uzito gani. Nimetumia asilimia 15 kwa mwaka, kwa sababu ndicho ulichosema biashara yako ya khanga inakuzalia ukishatoa nauli ya kuja Darajani. Milioni tatu na nusu ya mwakani, ukiigawa kwa 1.15, leo ni kama 3,040,000. Ikichelewa mpaka mwaka wa tatu, unagawa kwa 1.15 mara tatu, inashuka mpaka kama 2,300,000. Ukifanya hivyo kwa misimu yote: msimu mkubwa ukija mwanzo, ukafuatiwa na mbaya halafu wa kati, shamba lina thamani ya kama 4,480,000 leo. Ukija mwisho kabisa, baada ya mbaya na wa kati, ni kama 3,960,000.

Umeona? Bwana yule amekupa bei ya mtu ambaye msimu wake mkubwa utakuja mwisho. Na wewe mwenyewe umesema misimu miwili iliyopita ilikuwa ya kuokoteza. Mikarafuu hairejei kuzaa sana mfululizo, lakini ikishapumzika hulipa, na yeye anayezunguka Mtambwe mpaka Kangagani akitazama vichwa vya miti analijua hilo kuliko sisi. Kuna mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari makuukuu, ambamo muuzaji ndiye anayejua ubovu wa gari na mnunuzi hajui. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili. Kwako mambo yamegeuka: mnunuzi ndiye anayejua, na muuzaji yuko ofisini akipanga risiti.

Isitoshe, msimu wa tatu ataingiza wachumaji wasiojali tawi, maana yeye hatorudi tena. Hilo sina hesabu yake, nenda kaulize majirani walioachiwa miti iliyovunjwavunjwa.

Kwa haki yake, iko hoja moja upande wa bwana huyo. Akikodi, hatari inahamia kwake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, lakini hakuna aliyeandikiwa kwamba mara nyengine itakuwa hivyo hivyo. Mvua ikinyesha karafuu zikiwa jamvini, hasara itakuwa yake. Mtu akikuondolea hofu hizo ana haki ya kupata kitu. Mimi naona kitu hicho amekichukua kikubwa mno.

Na hapa nikwambie kilichotokea darasani, kwa sababu najua utaniuliza. Siku tuliyofundishwa hesabu hii ya kurudisha fedha nyuma, mzee mmoja katika wanafunzi wenzetu, mtu wa ofisi ya serikali, kofia yake kichwani, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hii asilimia si riba?" Darasa lote kimya, maana kila mtu alikuwa nalo moyoni. Mwalimu akasema hapa hakuna aliyemkopesha mwenzake. Ni kipimo unachojipimia mwenyewe, fedha hii ningeiweka kwenye biashara yangu ya halali ingezaa nini. Akaongeza kwamba maulamaa wengi wanakubali bei ya mkopo iwe juu ya taslimu, mradi imekatwa palepale penye mkataba. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akatushangaza sote. Akasema basi tutazameni na upande wa pili, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda ya mti kwa miaka ya mbele, na kuyauza kabla hayajaonesha kuwiva, kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana kitu kisichojulikana kitakuwaje. Mwalimu akamwachia ubao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiria makodi yetu ya misimu misimu. Yamezoeleka, sikatai, lakini wewe nenda kwa sheikh wenu pale Wete umuulize kabla hujatia saini. Ukinitaka rai yangu ya kibiashara, ni kwamba ikibidi kukodisha, kodisha msimu mmoja tu, na usipokee fedha mpaka karafuu zimeshatoka zinaonekana mtini. Hapo na wewe unaona anachokiona yeye. Bei itapanda, na mwakani shamba ni lako tena.

Haya, masomo yenyewe.

Nitakwambia nilichokipata, usije ukadhani ni nadharia tupu. Hotelini kwetu ninakofanya kazi, kila mwezi faida ilionekana kwenye karatasi na kila mwezi tulikuwa tunahangaika. Muuza samaki anatoka Malindi ya hapa mjini alfajiri, anakaa kwenye baraza ya nyuma na ndoo yake ya changu na nguru, haondoki mpaka apewe fedha taslimu. Wakala wa Ulaya aliyetuletea yule mgeni aliyemla changu analipa baada ya miezi miwili. Miaka yote nilikuwa nayaandika hayo mawili katika kurasa mbili mbalimbali za hesabu, na sikuwahi kuyaweka pamoja nikapima siku zilizopo katikati. Wanachokiita mtaji wa kuendeshea ni fedha za kuvukia siku hizo. Tulipobadilisha masharti na mawakala, tukataka sehemu kabla ya mgeni kushuka, ile mikopo midogo ya kila mwisho wa mwezi ilipungua. Somo moja la muhula wa kwanza hilo. Kwenye ushirika wenu wa kuweka na kukopa utaliona mara moja: wanachama wanakopa wakati wa kupalilia na wanalipa wakati wa karafuu, na nyinyi mnawadai kila mwezi kama wafanyakazi wa mshahara, halafu mnasema hawalipi.

Mengine utayavumilia. Kuna masomo yanayofundishwa kwa visa vya makampuni makubwa ya ng'ambo, mtindo ulioanzia Harvard, chuo kilichoanza kutoa shahada hii mwaka 1908. Visa ni vizuri, lakini utasoma kurasa ishirini za kampuni ya vinywaji na hutakuta hata mstari mmoja wa mtu anayesubiri jua akaushe mali yake. Lazima ufasiri mwenyewe. Tulipofika kwa Michael Porter, mwalimu wa Harvard, na zile nguvu zake tano za ushindani zinazoibana biashara, za mwaka 1979, mwalimu alichora visanduku vitano ubaoni, akatuambia tuviweke juu ya biashara tunayoijua. Kikundi chetu tulichukua karafuu. Kisanduku cha mnunuzi kikatutoa jasho, maana mkulima wetu kisheria ana mnunuzi mmoja tu, shirika la serikali, ZSTC. Huwezi kusema habari za kuchagua soko. Tukaona basi nguvu ya mkulima iko kwenye ubora na kwenye wakati: namna ya kuanika, kuchambua, kufikisha daraja la kwanza. Kijana mmoja wa benki akabisha kwamba soko liko mikononi mwa Indonesia, ambayo inazalisha karafuu nyingi kuliko nchi yoyote na nyingi yake inazivuta yenyewe kwenye sigara zake. Zamani ilikuwa ikinunua kwetu. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Siku kama hizo ndizo ninazolipia ada mimi.

Wanafunzi ni wa kila namna. Wapo waliokuja kwa ajili ya kupandishwa daraja, hawafichi, na kazi za kikundi wanawaachia wenzao. Utawajua wiki ya kwanza. Usiingie nao kikundi kimoja hata kama ni ndugu wa mume.

Nakusihi pia ujiulize kama MBA ndiyo unayoitaka. Ikiwa moyo wako uko kwenye ukaguzi, unataka siku moja utie saini hesabu za watu, njia yako ni mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na shahada hii haitokufikisha huko. MBA ni ya mtu anayetaka kuamua, yaani fedha ziende wapi, nani aajiriwe, biashara gani ifungwe. Nikikusikiliza unavyowalalamikia wakubwa wako wa ushirika, naona wewe ni wa kuamua.

Mahali pa kusomea: kuja kukaa Unguja nyumba yangu ipo, lakini Bi Mkubwa na sukari yake humwachii mtu. Chuo Kikuu Huria kina kituo huko huko Pemba na kinatoa MBA. Unasoma ukiwa kazini na kulala kwako. Ubaya wake ni upweke, maana hakuna wa kukusukuma, na ule ubishi wa usiku niliokusimulia hutoupata kirahisi. Ukikichagua, tafuta wenzako wawili watatu wa Chake na Wete mkutane Jumamosi. Chuo chochote utakachokitazama, hakikisha kinatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla hujatoa shilingi ya fomu, na waulize kwa maandishi ada ya muhula pamoja na yale makorokoro yasiyotajwa mwanzo: mitihani, kitambulisho, usimamizi wa tasnifu. Nenda na Bodi ya Mikopo ya Zanzibar ukawasikilize wana nini kwa uzamili mwaka huu.

Na tasnifu ianze kichwani mwako sasa hivi. Watu humaliza masomo ya darasani vizuri, halafu wakakwama kwenye utafiti miaka, kwa sababu wamechagua mada kubwa ya kumpendeza mwalimu. Wewe mada unayo kabatini: vitabu vya mikopo vya ushirika wenu. Linganisha tarehe za marejesho na misimu ya karafuu, miaka mitano sita nyuma, uone kama wanachama ni wakaidi au kalenda yenu ndiyo mbovu. Omba ruhusa ya kamati mapema, na majina ya watu yafunike. Takwimu zisikutishe, nikaziweza mimi niliyekuwa nikikunakilia hesabu skuli, wewe utazichezea.

Kwa hiyo fanya hivi. Yule bwana mwambie bado unashauriana na ndugu, na ni kweli, maana kaka zako nao wana mafungu pale, na mkikodisha mmoja mmoja kila mtu atapewa bei yake. Daftari la baba lipige picha kurasa zote za misimu kumi ya mwisho, unitumie, nirudie hesabu kwa tarakimu zake badala ya makisio. Nataka hasa zile kurasa alizoandika tarehe ya kuanza kuchuma. Nikizipata wiki hii, Jumapili nitakuwa nimeshakujibu.

Bi Mkubwa mpe salamu zangu nyingi, mwambie dawa zake nimemnunulia na zitakuja na mtu wa boti ya Alhamisi, amngoje Mkoani mtoto wa Bi Mdogo.

Ni mimi somo yako,
Mwanakwerekwe, Unguja