Shukrani kwa kaka wa mlima wa Iwambi

Kaka yangu mwenye koti la mvua la kijani, jina lako sikulipata, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani.

Nilikuwa napandisha mlima wa Iwambi, Mbeya, kutoka Mbalizi, guta langu (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) linavuta tela lenye mashine ya zege ya mteja. Gia ya pili ikagoma. Nikilazimisha, inakwaruza halafu inachomoka. Fundi mmoja alishaniambia gia boksi ishushwe na kufunguliwa yote, na hela hiyo sikuwa nayo.

Wewe, kabla hata ya salamu, uliweka mawe kwenye tairi za tela. Tukalitenganisha tela na guta, ukazima injini, ukaniambia nisukume guta mbele na nyuma kidogo huku unapanga gia. Zote ziliingia laini! Ukasema gia boksi ni nzima, klachi ndiyo haiachii, yaani nikiibana haitenganishi injini na gia boksi. Kweli, mkono wa klachi ulikuwa unacheza sana kabla ya waya kuvuta. Ukalegeza nati, ukavuta waya, ukaacha ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 20 tu. Ukanieleza pia kwa nini isikazwe kabisa: klachi isiyo na nafasi hiyo ya kucheza inateleza, na ukiwa na tela mlimani pleti zake zinaungua upesi. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Mashine ilifika Mwanjelwa mchana uleule. Hela ya soda ulikataa. Mungu akubariki wewe na wanao, na ukiwa na mzigo wowote Mbalizi, nitakubebea bure.