Barua kwa Hadija: Shangazi asiache sindano

Mbarara

Hadija ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetushika. Habari zako za Arua nimezipata kwa Mama Shida, na tangu hapo roho haijatulia. Shangazi kaacha sindano zake za kisukari, za insulini ile inayoshusha sukari ya damu! Eti jirani kamwambia kongosho limekauka, mizizi italilainisha.

Halijakauka, Hadija. Damu inapita humo saa hii. Juzi maabara niliweka kipande cha kongosho chini ya darubini, nikamwaza yeye. Sehemu kubwa ni seli za maji ya kumeng'enyea chakula. Kati yake kuna vijikundi vya seli alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869, alipokuwa bado mwanafunzi Berlin. Humo ndimo insulini inamotoka. Ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho, lakini hupata zaidi ya asilimia 10 ya damu yake! Kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa vya damu, zimejisokota humo hata karibu kila seli ya insulini iko jirani na damu. Kuta zake zina vitundu vingi kuliko kapilari za sehemu nyingine ya kongosho, kama chujio la chai: sukari na insulini hupita, chembe nyekundu hubaki ndani. Na seli za insulini zenyewe ndizo hutoa kemikali inayodumisha vitundu hivyo. Mimi hapo huwa namshukuru Mungu kwa sauti.

Damu ikitoka kongoshoni huingia kwanza kwenye ini, nalo hubakiza kama nusu ya insulini. Ya sindano huanzia chini ya ngozi, haipiti njia hiyo, kwa hiyo dozi hupangwa na daktari, si jirani. Kuimeza haiwezekani: ni protini, tumbo huimeng'enya pamoja na chakula. Shangazi alizoea kuuliza kwa nini asipewe kidonge. Mwambie ndiyo sababu.

Mizizi kama anaipenda, amweleze daktari, lakini haichukui nafasi ya insulini. Tafadhali mpeleke kliniki kesho wampime sukari. Pesa ya boda nakutumia kwa simu. Akianza kutapika, au kupumua kwa nguvu, au kusinziasinzia, usingoje kesho, ni hospitali hapo hapo. Na asijirudishie dozi ya zamani bila kupimwa.

Harusi ya mdogo wako tutaizungumza siku nyingine, sasa sina kichwa cha vitenge.

Ameacha tangu lini hasa? Kiu je, na usiku anaamka mara nyingi kukojoa? Miguu umeitazama, haina kidonda? Chupa ya dawa iko wapi, bado kwenye mtungi wa maji au imekaa juani dirishani? Nani alikuwa akimchoma, yeye mwenyewe au binti wa Mwalimu? Nikimpigia atanisikiliza, au nimwombe Baba Shida aje kwanza?

Nijibu leo leo.

Rafiki yako wa siku zote