"Alikuwa wapi siku zote?" si uchunguzi

Mhariri,

Jina la jaji likifikishwa bungeni kupigwa msasa, na mwanamke akajitokeza kusema kuwa mteule huyo aliwahi kumtenda vibaya, kuna swali ambalo humpokea hata kabla hajamaliza kueleza: alikuwa wapi siku zote? Nimelisikia ndani ya matatu na kwenye baraza za jioni hapa Malindi, na pia kwa watu waliosomea sheria. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini swali hilo huwafaa sana wabunge wasiotaka kuchunguza.

Wamarekani wamelipitia jambo hili mara mbili mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alimteua Clarence Thomas kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Anita Hill, profesa wa sheria kutoka Oklahoma, alikuwa ameiarifu kamati ya Seneti kwa siri kwamba Thomas alimsumbua kwa maneno ya ngono alipokuwa bosi wake. Miongoni mwa ofisi walizofanya kazi pamoja ni tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini, yaani palepale ambapo mwanamke aliyesumbuliwa na bosi wake angeelekezwa kupeleka malalamiko. Angeenda kushtaki kwa nani?

Kamati ilikuwa na habari hizo kabla ya kupiga kura yake Septemba 27. Kura zilitoka sare, saba kwa saba, na jina likasukumwa mbele vivyo hivyo. Ni pale siri ilipovuja na vyombo vya habari kuitangaza Oktoba 6 ndipo maseneta waliposhtuka, wakaahirisha kura ya Seneti nzima kwa wiki moja. Oktoba 11 Hill aliketi mbele ya wanaume 14, akatakiwa kuyarudia maneno yaleyale ya aibu tena na tena huku wazazi wake wakisikiliza nyuma yake. Thomas alikana kila kitu. Angela Wright, aliyewahi kufanya kazi chini ya Thomas katika tume hiyohiyo, alikuwa tayari Washington kutoa ushahidi wake, lakini hakuitwa mbele ya kamera. Maelezo yake yalitiwa kwenye kumbukumbu, basi. Oktoba 15 Thomas akaidhinishwa kwa kura 52 dhidi ya 48.

Ungedhani walijifunza. Mwaka 2018 Christine Blasey Ford alimwandikia seneta wake mwishoni mwa Julai kuhusu Brett Kavanaugh, mteule mwingine wa Mahakama ya Juu, akisema kwamba alimshambulia kingono chumbani walipokuwa vijana, na akaomba jina lake lisitajwe. Barua ikakaa. Ilipovuja Septemba, ilibidi ajitaje mwenyewe. Maseneta wa chama cha Republican, chama cha rais aliyemteua Kavanaugh, katika kamati, wote 11 wanaume, walimwajiri mwendesha mashtaka mwanamke kutoka Arizona amhoji kwa niaba yao, kwa vipande vya dakika tano tano. Mtu ambaye Ford alisema alikuwa ndani ya chumba kile hakuitwa kuhojiwa na kamati. Kavanaugh naye alikana kwa kiapo, kwa hasira na machozi. Kesho yake kamati ikajitayarisha kupiga kura.

Kilichoizuia Seneti ni lifti. Wanawake wawili walimkabili Jeff Flake, seneta wa Republican katika kamati hiyo, akiwa ndani ya lifti, mlango ukiwa haujafungwa, yeye ameinamisha macho, na mmoja wao akamwambia amtazame anaposema naye. Saa chache baadaye Flake akataka FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wapewe muda wa kuchunguza. Walipewa wiki moja. Wakahoji watu kumi. Ford hakuwemo, wala Kavanaugh. Ripoti iliwekwa nakala moja tu katika chumba cha siri, na maseneta wa vyama viwili wakapokezana kuisoma kwa zamu za saa moja. Oktoba 6 Kavanaugh akaidhinishwa kwa kura 50 dhidi ya 48, akaapishwa siku hiyohiyo. Miaka mitatu baadaye FBI walisema walikuwa wamepokea taarifa zaidi ya 4,500 kumhusu.

Mhariri, mimi sikuwa katika vyumba hivyo na sidai kujua kilichotokea humo. Ninachokiona ni kwamba katika kesi zote mbili tarehe ya kura ilipangwa kwanza, kisha ukweli ukatafutiwa nafasi palipobaki.

Nalijua hili kwa sababu nimelifanya. Niliwahi kuwa katika bodi ya shule moja tulipokuwa tukimtafuta naibu wa mwalimu mkuu. Alhamisi jioni ililetwa barua, karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, ya mfanyakazi wa jikoni aliyemlalamikia mmoja wa waliokuwa wakisailiwa. Usaili ulikuwa Ijumaa saa tatu. Wa kwanza kuuliza "alikuwa wapi siku zote?" nilikuwa mimi. Tukakubaliana suala hilo "lifuatiliwe baadaye", tukaendelea, mwalimu akapata cheo. Halikufuatiliwa. Mama yule aliacha kazi kabla ya muhula kwisha, na hadi leo sijui kama mwalimu yule alionewa au la. Hata yeye hakusafishwa jina, kwa maana wapishi na walimu waliendelea kunong'ona.

Hapa Kenya, Jaji Mkuu na naibu wake hupitia Bunge la Kitaifa. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu uidhinishaji wa wateule inataka umma utangaziwe kikao angalau siku saba kabla, na yeyote mwenye pingamizi ampelekee Karani wa Bunge hati ya kiapo. Mwanamke wa Lodwar au wa Lamu aliyedhulumiwa na hakimu miaka kumi iliyopita asome tangazo, atafute wakili, aape, na atume kabla ya kikao, akijua jina lake litakuwa kwenye magazeti kesho yake. Halafu tumuulize alikuwa wapi.

Na mteule naye anaumia pasipo na utaratibu. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 kati ya 40 waliopendekezwa na tume ya mahakama, akawaacha sita kwa sababu za uadilifu. Madai hayo hayakuwekwa hadharani mahali ambapo wangeyajibu. Walibaki na doa hilo hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipowateua.

Ninachoomba wabunge wetu wakiandike katika sheria ni hiki. Awepo afisa anayepokea madai ya namna hii faraghani, asiye chini ya mwenyekiti wa kamati. Madai yakiwa mazito, saa ya kura isimame yenyewe, bila kungoja mbunge mmoja aguswe moyo kwenye lifti. Wachunguzi wawahoji mlalamishi, mteule na kila shahidi aliyetajwa na upande wowote, na ripoti isomwe na wote wanaopiga kura. Mteule apewe madai yote kwa maandishi na siku za kuyajibu. Wakati wa kuyaandika haya ni sasa, kabla hatujajua jina litakalofuata ni la nani na lipo upande wa chama gani.

Mjumbe wa zamani wa bodi ya shule,
Malindi