Sikukuu za chekechea zirudishwe kwa watoto

Mhariri,

Naomba nafasi niijibu taarifa yenu ya mwezi uliopita kuhusu sherehe za Krismasi katika shule za awali za makanisa hapa Tanga, ile iliyotoka na picha kubwa ya watoto waliovaa mavazi mekundu na ndevu za pamba. Mwandishi wenu alisifu mapambo, akasifu muziki, akazitaja ahadi za mgeni rasmi moja baada ya nyingine, kisha akafunga kwa kusema watoto walifurahi sana. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa kazini na sikuwahi kuwaandikia, hata mlipoandika mambo ya elimu yaliyoniudhi. Safari hii sinyamazi. Sherehe mojawapo kati ya hizo mlizozisifu nilihudhuria mwenyewe, nimekaa safu ya pili, na mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa hao watoto waliofurahi.

Barua ya mwaliko ilisema shughuli inaanza saa tatu asubuhi. Watoto walitakiwa wafike saa mbili ili wavishwe. Mjukuu wangu, ambaye hata miaka mitano hajatimiza, alivishwa suti ya kitambaa kizito kama blanketi, kofia ndefu ya manyoya, na pamba ya duka la dawa ikabandikwa kidevuni kwa gundi. Mwezi wa Desemba, Mhariri, Tanga, ndani ya ukumbi wa bati usio na feni! Mgeni rasmi aliingia saa sita na nusu. Muda wote huo watoto walikalishwa kwenye viti vya plastiki na kukatazwa kunywa maji, eti wasije wakaomba kwenda msalani na kuchafua nguo za kukodi. Nilimwona binti mmoja mbele yangu akijikuna shingo mpaka akajichubua. Mjukuu wangu akaanza kuyumba kwenye kiti, macho yamelegea, kisha akatapika. Nilipokwenda kumvua, mwalimu kijana akanishika mkono kwa heshima zote akaniambia, "Bibi, vumilia kidogo, mgeni yuko njiani na picha bado." Nilimvua hapo hapo mbele ya watu. Ile gundi ilibanduka na ngozi, na alama ilibaki kidevuni hadi Mwaka Mpya. Hilo halikuwamo kwenye taarifa yenu.

Lakini kilichoninyima usingizi si gundi. Darasa la wakubwa lilikuwa limeandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Wamelifanyia mazoezi wiki nyingi, najua, kwa sababu mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alipewa nafasi ya Yosefu na kila jioni alikuwa akizunguka uani na mwiko wa bibi yake kama fimbo, akigonga mlango wa jiko na kuuliza kama kuna nafasi ya kulala. Siku ya sherehe mgeni rasmi alipochelewa, mshereheshaji akatangaza kwamba kwa sababu ya kubanwa na muda igizo limeondolewa kwenye ratiba. Wala hakuondoa ngoma ya theluji, iliyochezwa mara mbili kwa sababu mgeni aliipenda, wala maonyesho ya mavazi, wala harambee, wala hotuba za watu watano. Yule binti aliyekuwa Mariamu alibaki kwenye kiti chake amejitanda kanga ya buluu, mwanasesere amelala mapajani, akisubiri kuitwa hadi watu walipoanza kugombea soda. Hakuna aliyemwendea kumwambia kwamba hataitwa. Shule ni ya kanisa, sikukuu ni ya kanisa, wazazi wamelipa ada wakijua ni shule ya kanisa, na jambo moja lililokosa nafasi siku hiyo ni kuzaliwa kwake Kristo mwenyewe! Kama hilo haliwasumbui wachungaji na mapadre wanaozisimamia shule hizi, basi mimi linanisumbua kwa niaba yao.

Tulipokuwa tukirudi nilifuatana na mama mmoja Mwislamu ambaye mwanawe anasoma hapo hapo. Watu wa mbali hawaelewi, lakini hapa Tanga ni jambo la kawaida, watoto wa Kiislamu wamejaa kwenye chekechea za makanisa na hakuna ugomvi. Aliniambia, "Mwalimu, mie mwanangu nilimleta nikijua anakuja kwenye shule ya Kikristo. Nilitaraji leo nitasikia habari za Bibi Maryamu na mwanawe, hata sisi tunazo kwenye sura yake. Nimeona babu wa ndevu tu." Sikuwa na la kumjibu. Wapo viongozi wa shule wanaosema wanapunguza mambo ya dini ili wasiwakwaze wazazi wa imani nyingine. Mzazi huyu hakukwazwa na dini. Alikwazwa kwa kuikosa.

Na tusiseme ni Krismasi peke yake. Ukutani mwa darasa lile pamebandikwa chati ya majira manne ya mwaka, na kwenye chati hiyo kuna mtoto anayeteleza kwenye barafu, miti iliyopukutika majani yote, na maua yanayochomoza kwenye theluji inayoyeyuka. Theluji ya Tanzania iko kilele cha Kilimanjaro na hakuna mtoto wa Makorora aliyeigusa. Watu wa pwani tuna majira yetu, na mtoto anayaona kwa macho yake. Kuna kaskazi na joto lake la Desemba, wakati maembe yanaiva na mikrismasi imewaka maua mekundu barabarani. Kuna masika, njia za mitaani zinapogeuka matope. Kuna kipupwe, asubuhi ambazo mtoto hataki kutoka kwenye shuka, na machungwa ya Muheza yanaingia mjini kwa malori. Kuna demani, kuna vuli. Kalenda ya kanisa imelala juu ya majira haya vizuri kabisa. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa Machi 21 au wa kwanza baada yake, kwa hiyo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani masika yakiwa yameanza au yanabisha hodi. Jumapili ya Matawi inataka matawi, na minazi iko nyuma ya darasa. Mwaka jana Pasaka hiyo watoto walipewa sungura wa karatasi wapake rangi, na mjukuu wangu akaniuliza kama sungura ndiye aliyeliviringisha lile jiwe la kaburi. Hakuwa akifanya mzaha. Ndicho alichofundishwa.

Nikiwa nimeshika kalamu, niseme na hili la michango. Suti ya kukodi ilikuwa sh. 45,000. Wiki mbili kabla yake kulikuwa na mahafali ya chekechea, joho na kofia ya chuo kikuu kwa mtoto ambaye bado anavaa viatu miguu tofauti, na joho hilo nalo lilikodiwa, na mpiga picha akalipwa, na keki ikanunuliwa ambayo watoto hawakuionja kwa sababu ilikuwa ya meza kuu. Mama anayekaanga mihogo Ngamiani anazipata wapi fedha hizo mara mbili ndani ya mwezi mmoja, tena Januari inamkodolea macho na ada na sare? Mtoto ambaye mchango wake haukukamilika aliambiwa abaki nyumbani siku ya sherehe. Nimefundisha chekechea maisha yangu yote ya kazi na nasema bila kusitasita kwamba kumwacha mtoto wa miaka minne nje ya sikukuu kwa sababu ya fedha ni dhambi, na inafanywa na watu wanaofungua kila siku ya shule kwa sala. Kisha wazazi wenyewe, wale waliolipa, wanasimama mbele na simu zao juu, wanazibia walio nyuma, na mtoto jukwaani anatafuta uso wa mama yake asiuone. Walimu vijana siwalaumu sana. Wanalipwa kidogo, wanaagizwa, na meneja anawapima kwa ukubwa wa mahema aliyoyakodi.

Sasa nitaeleza kinachowezekana, maana nimekifanya. Sherehe ya chekechea ianze saa mbili na nusu asubuhi na saa nne iwe imekwisha, jua halijawa kali. Igizo liwe la kwanza kabisa, kabla ya hotuba yoyote, na mgeni akichelewa atasimuliwa. Watoto wanaoigiza wachungaji wa kondoo wavae misuli na kanga za nyumbani kwao. Hori halihitaji kutengenezwa kwa maboksi, maana mji huu una watu wengi wanaofuga ng'ombe wa maziwa uani. Mwalimu aazime hori la kweli, lenye harufu yake na majani yake, na mtoto ataelewa mara moja Mtoto Yesu alilazwa wapi. Tawi la mvinje linatosha kuwa mti. Majilio, zile wiki nne za kuingojea Krismasi, yana mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, unawashwa mmoja zaidi kila wiki, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuhesabu kwa mishumaa hiyo akajua kinachokuja kinakaribia. Mkimtaka mzee wa zawadi, basi waambieni watoto habari za Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya 4, na sikukuu yake ni Desemba 6. Siku hiyo kila mtoto alete kitu kimoja cha kumpa mwenzake, hata iwe embe. Chakula kiwe pilau moja, kila nyumba ichangie kwa kipimo chake, kibaba cha mchele au nazi mbili, na asiyekuwa nacho mwanawe ale sawa na wengine na jina lake lisisomwe.

Kwa Pasaka ambayo haiko mbali, pamba ya duka la dawa ina kazi nzuri kuliko ndevu. Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, kila mtoto apewe punje chache za kunde, azilaze kwenye pamba iliyoloweshwa ndani ya kifuniko cha chupa, na baada ya siku chache aone mzizi ukitoka. Kisha ahamishie kwenye kopo lenye udongo, amwagilie mwenyewe wiki zote za Kwaresima. Atachungulia, atafukua aone kama bado ipo, atalia ya jirani ikimpita urefu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto vitalu vyao wapande na kutunza, na sisi tuliosomea kazi hii tulifundishwa jina lake kabla hatujashika chaki. Ikifika Pasaka masika yako mlangoni, kopo limejaa majani, na mwalimu anayesimulia habari za kaburi na asubuhi ya tatu ana darasa zima la watoto waliokwisha kuzika kitu kwa mikono yao na kukiona kikitoka.

Nawaomba viongozi wa makanisa wanaomiliki shule hizi wapite madarasani wenyewe kabla ya kusaini bajeti ya sherehe nyingine. Nakuomba na wewe, Mhariri, mwandishi wako akitumwa tena asikae meza kuu. Achutame kidogo, amuulize mtoto yeyote aliyevaa rasmi kwamba leo ni sikukuu ya nini, na jibu aliandike kama lilivyo, jema au baya. Barua hii ikiwezekana itoke kabla ya Jumatano ya Majivu, walimu wapate siku za kujiandaa. Kilo moja ya kunde kutoka soko la Mgandini inatosha madarasa yote na inabaki.

Mwalimu mstaafu wa chekechea,
Chumbageni, Tanga