Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: tuhesabieni matundu, si vyumba

Mheshimiwa Waziri wa Nchi – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Yah: Vyoo vya wanawake kwenye stendi na masoko

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu zangu za heshima.

Nakuandikia sasa kwa sababu ofisi yako ndiyo inayojenga. Mradi wa TACTIC, ule wa kuboresha miundombinu ya miji ya Tanzania, unagusa miji 45, na ndani yake zimo stendi na masoko mapya. Kuna mahali zege limeshamwagwa, na kuna mahali mchoro bado uko mezani kwa mhandisi. Ombi langu ni la ukurasa mmoja wa mchoro huo, ule wa vyoo.

Mara nyingi ukurasa huo unaonyesha vyumba viwili vinavyolingana, ME na KE. Ukubwa uleule, mlango uleule. Anayeutazama anaridhika kwamba haki imetendeka. Lakini ingia ndani uhesabu. Upande wa wanaume kuna matundu, na zaidi ya hayo kuna ukuta wa haja ndogo ambapo watu watano au sita wanasimama kwa mara moja. Upande wetu ni matundu peke yake, kwa kuwa kwetu sisi kila haja ni ya kuingia, kufunga mlango na kuchuchumaa. Eneo ni lilelile, wanaohudumiwa si sawa.

Na hapo bado hujahesabu muda. Mwanamke ana dera la kukunja, ana baibui, ana mkoba usio na pa kutundikwa. Ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, na huyo wa mkononi naye kabanwa. Pengine ni mjamzito. Pengine yuko kwenye siku zake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walipiga hesabu za foleni za vyoo wakakuta kwamba, pale ambapo watu ni wengi, mwanamke anaweza kusubiri zaidi ya dakika 6 huku mwanaume akisubiri sekunde chache tu. Mama yeyote aliyewahi kusafiri na basi la mkoani angewaambia hivyo bila kalamu.

Basi likiingia kwenye hoteli ya njiani, konda anatangaza dakika kumi. Wanaume wanaingia, wanatoka, wananunua chipsi, wanarudi kwenye siti zao. Sisi bado tuko kwenye foleni iliyozunguka kona, na honi imeshaanza kulia. Wengine wanaghairi, wanapanda garini wakiwa wamebanwa, wakitumaini dereva atasimama mbele wachimbe dawa. Huko porini nako hatulingani. Mwanaume anajisogeza nyuma ya gari, basi. Mwanamke anateremka hadi kwenye kichaka cha mbali, gizani, akiomba asikanyage nyoka wala asikutane na mtu. Nawafahamu kina mama wanaosafiri Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, bila kugusa maji ya kunywa, kwa hofu ya choo tu.

Sokoni ndiko kunakouma zaidi, maana abiria anapita, lakini muuza mchicha anashinda pale tangu alfajiri hadi magharibi. Ushuru wa halmashauri amelipa. Choo ni shilingi 200, kwingine 300, kwingine 500. Kwa bei hiyo ya chini, akienda mara tatu kwa siku ni shilingi 600, na kwa siku 26 za kazi ni 15,600. Hiyo ni pesa ya mtu anayeuza fungu la mboga kwa mia tano. Jirani yake mwanaume akikwama ana ukuta wa nyuma ya ghala, hata kama umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kukojoa hapo. Simtetei, kwa sababu harufu ile tunaivuta sote. Ninachosema ni kwamba yeye anayo njia ya kukwepa gharama, mwanamke hana.

Nimefika kwenye soko moja, jina nalihifadhi, ambako tundu moja la wanawake lilipigwa kufuli na jingine lilikuwa stoo ya ndoo na mafagio, huku mlangoni pesa zikikusanywa kama kawaida. Halikuwapo hata pipa la mfuniko la kutupia pedi. Mwanamke aliye hedhini anaizungushia gazeti, anaiweka kwenye mfuko wa nailoni, anarudi nayo kwenye meza yake na kuificha chini ya matenga ya nyanya hadi jioni. Mheshimiwa, huyo ni mfanyabiashara, tena mlipa kodi.

Serikali haikuanza leo kulijua jambo hili. Mwongozo wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kuna watu walikaa wakatambua kwamba maumbile hayafanani, wakaliandika, na nawashukuru. Lakini binti huyohuyo akimaliza shule, akakodi meza sokoni, kanuni hiyo haimfuati. Wakati Sensa ya 2022 imetuhesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Sisi ndio wengi, na sisi ndio tunaopanga foleni.

Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba madukani bei haikushuka. Iliniuma sana. Ila kwenye suala la choo hakuna muuza duka wa kusingiziwa. Mchoro unaupitisha wewe, zabuni inatangazwa na halmashauri iliyo chini yako, na mkaguzi analipwa na Serikali.

Kwa hiyo naomba waraka wako kwa wakurugenzi wote. Stendi au soko jipya lihesabiwe nafasi, yaani matundu pamoja na zile sehemu za kusimama, na wanawake wapate angalau nafasi mbili kwa kila moja ya wanaume. Jiji la New York liliweka uwiano huo kwa sheria mwaka 2005, kwa kumbi na viwanja vipya. Majengo ya zamani si lazima yabomolewe: mahali ambapo wanaume wana ukuta wa haja ndogo, tundu moja au mawili yanayopakana nasi yanaweza kugeuzwa mlango yakaja upande wetu. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache.

Mikataba ya wazabuni wanaoendesha vyoo hivi nayo iguswe. Leo mzabuni anapimwa kwa pesa anayopeleka halmashauri. Apimwe pia kwa komeo linalofunga, maji, msumari wa kutundika mkoba, pipa lenye mfuniko, na kwamba hakuna tundu lililogeuzwa stoo. Afisa afya wa kata apite siku ya gulio, siku yenye watu, asipite Jumatatu asubuhi. Na mwenye risiti ya ushuru wa siku hiyo aingie bila kulipa tena.

Nitaambiwa bajeti ni finyu. Katika jengo la mabilioni, matundu sita zaidi si kitu cha kuangusha mradi, hasa yakiingizwa kabla ya msingi kuchimbwa. Yakisahaulika, jengo litasimama miaka 40 na foleni yake.

Naomba pia kwamba, kabla mkandarasi yeyote hajakabidhiwa eneo, mchoro wa vyoo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa soko au stendi husika kwa wiki mbili, kina mama waukute pale, wahesabu wenyewe, na maoni yao yapokelewe kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfanyabiashara wa sokoni na abiria wa mabasi ya mikoani, Morogoro