Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliazimia kwamba mada yetu ya mwaka iwe shule za watoto maskini na watoto waliovunja sheria huko Uingereza enzi za Malkia Victoria. Kwa chama cha walimu wastaafu na maofisa ustawi wa jamii, naona tulichagua vema.

Tulianzia Portsmouth, kwa fundi viatu John Pounds. Akiwa kijana wa miaka 15 alianguka kwenye karakana ya meli akalemaa. Baadaye alimlea mtoto wa nduguye mwenye kasoro ya miguu, akamshonea viatu vya kuinyoosha. Alipoanza kumfundisha kusoma, akaita na watoto wa jirani. Kibanda chake kilikuwa na upana wa futi 6 na urefu wa futi 18, na walibanana humo hadi watoto 40, mwalimu akishona soli huku akisikiliza hesabu. Wale waliozurura bandarini aliwafuata akiwa na kiazi cha moto mkononi. Ada hakutoza. Alifariki mwaka 1839, na miaka 5 baadaye shule za namna yake jijini London, zilizopewa jina la matambara waliyovaa watoto, ziliunda umoja wao.

Mjadala mkali zaidi wa mwaka ulimhusu Mary Carpenter wa Bristol. Alifungua shule ya watoto wa mitaani mwaka 1846, kisha shule ya maadilisho ya Kingswood mwaka 1852, na ya wasichana pale Red Lodge mwaka 1854. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwapeleka wahalifu wa chini ya miaka 16 kwenye shule za maadilisho kwa miaka 2 hadi 5. Lakini kwanza mtoto alipaswa kukaa jela siku zisizopungua 14! Mama huyu aliipinga jela hiyo kwa nguvu zote. Watetezi wa jela hiyo walidai kosa lazima liadhibiwe kabla ya mafunzo. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1899, Carpenter akiwa amefariki tangu 1877.

Wapo kati yetu waliowatetea wabunge wale, na niliwasikiliza. Bado nashikilia kwamba mtoto anayepitishwa jela anafika shuleni akiwa amefundishwa tayari, tena na wafungwa wakubwa. Tusizipambe shule zenyewe pia: kazi za mikono zilikula sehemu kubwa ya siku, na mzazi aliweza kudaiwa mchango wa hadi shilingi 5 kwa wiki, mzigo mzito kwa kibarua.

Shule za matambara zilififia baada ya sheria ya elimu ya 1870, serikali ilipoanza kujenga shule zake.

Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Mweka hazina atasoma hesabu. Namshukuru katibu kwa kutunza kumbukumbu za mijadala.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tujadili shule zetu za maadilisho, ikiwemo ya Irambo, Mbeya, na jinsi watoto wanavyoshughulikiwa tangu wanapokamatwa hadi wanapofikishwa huko. Mliowahi kufanya kazi na watoto hao, tafadhali mpeni katibu majina yenu kabla ya kikao kufungwa.