Hatukutani kwa sababu ya uhaba wa uzi

Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapa barua ya msomaji aliyeuliza kwa nini watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanakusanyika kusokota uzi kwa mkono ilhali uzi umejaa madukani. Aliongeza kwamba mwenye hamu ya ufundi huo anaweza kutazama video akiwa nyumbani, bila chama wala ukumbi. Mimi ni mmoja wa hao wanaomshangaza. Nimo katika chama cha wasokotaji kwa miaka mingi, na kwa kuwa yeye aliuliza kwa nia njema, nami namjibu kwa nia hiyo hiyo. Pia nina ombi kwa wenye kumbi.

Kuhusu mashine sina ugomvi naye. Zamani mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili kitanda chake cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kisilale bure. John Kay alipobuni mwaka 1733 namna ya kurusha mshindio, yaani uzi unaopita kukingama, kwa kuvuta kamba, wafumaji wakaongeza kasi na uzi ukazidi kuwa adimu. Ndipo zikaja mashine za kusokota: ya James Hargreaves, ya Richard Arkwright aliyepata hataza mwaka 1769, na ya Samuel Crompton mwaka 1779. Kazi iliyokuwa ikila siku nzima za wanawake wengi ikamalizwa kwa muda mfupi. Katika chama chetu hakuna anayetaka mtu yeyote arudishwe kwenye kusokota kwa lazima. Tunasokota kwa sababu tunapenda, na kupenda huko ndiko kunakotuleta pamoja.

Ila kwenye suala la video hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Uzi unashika kwa sababu ya msokoto. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita mbili au tatu hivi, na ukiuvuta kutoka kwenye bonge unatoka bila ubishi. Ukizisokota nyuzinyuzi hizo pamoja zinabanana, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kukamatana. Kazi yote ya msokotaji ni kuamua msokoto uingie lini na wapi. Mkono mmoja unabana, mwingine unavuta bonge hadi liwe jembamba, kisha ule uliobana unateleza nyuma na kuuruhusu msokoto upite. Ukiuachia mapema, unaingia kwenye sufu ambayo haijavutwa na unapata kinundu kisichofunguka. Ukichelewa, uzi unaachia na kijiti cha kusokotea kinaanguka sakafuni kwa kishindo ambacho kila mgeni wetu anakijua. Halafu msokoto una tabia ya kukimbilia penye wembamba na kupaacha penye unene, kwa hiyo uzi usio sawa unazidi kutokuwa sawa kadiri unavyousokota.

Haya yote yamo kwenye video, na yameelezwa vizuri. Kisichomo ni kiasi cha nguvu.

Hivi karibuni alikuja kijana ambaye alikwisha kutazama mafunzo mengi na maneno yote ya ufundi anayajua. Uzi wake ulikuwa ukikatika kila ukifika urefu wa mkono. Bibi mmoja, mkongwe wetu, hakumpa hotuba. Alisogeza kiti, akaweka vidole vyake juu ya vidole vya kijana, akamwambia, "Legeza, mwanangu. Umeikaba sufu, itapita wapi?" Wakasokota hivyo wawili, mikono minne kwenye uzi mmoja, mpaka bibi akaondoa yake taratibu na uzi ukaendelea. Kijana akasema, "Kumbe ndivyo, bibi! Mimi nilidhani tatizo ni sufu." Jambo hilo kioo cha simu hakiwezi kulionyesha, kwa sababu mkono unaokaba na mkono ulioshika vizuri ukivitazama vinafanana kabisa.

Tuna dada mwingine ambaye haoni. Yeye ndiye tunayempelekea uzi tukitaka hukumu. Anaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, anasimama mahali fulani na kusema, "Hapa ulikuwa unaongea." Na ni kweli, hapo ndipo mtu aliinua macho kumjibu jirani yake. Amewafundisha wengi wetu kusokota tukiwa tumefumba macho, na waliokubali kujaribu ndio wenye uzi ulio sawasawa kuliko wote. Mtu kama huyo ungemkuta wapi kama kila mmoja angejifungia kwake na simu yake?

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile tunayofungua sufu nzima ya kondoo mmoja. Tunainunua kwa mchango, kama ilivyonyolewa, na kuitandaza juu ya shuka, upande uliokuwa nje ukitazama juu. Watu wanapiga magoti kuizunguka. Kwanza tunaondoa kingo zenye kinyesi na majani. Kisha tunagawa, maana sufu ya kondoo mmoja haifanani mwili mzima: ya mabegani na ubavuni huwa laini zaidi, ya mapajani huwa ngumu na nene. Hapo mabishano huanza. Mwenye kutaka shali anagombea mabega, mwenye kutaka zulia anasema mapaja yote ni yake na hakuna anayempinga. Mtu anachomoa kishada kidogo, anakishika ncha mbili, anakivuta kwa ghafla karibu na sikio. Kikilia kwa sauti safi, sufu ni nzima. Kikitoa sauti ya kuchanika, kondoo huyo alipata ugonjwa au njaa wakati sufu ikiota, na pale palipodhoofika ndipo uzi utakapokatika. Watoto wanaokuja na wazazi wao hawachoki kusikiliza vishada, na wanazijua sufu mbovu upesi kuliko sisi.

Kuosha ni kazi ya subira. Maji yawe ya moto kiasi cha kuyeyusha mafuta ya sufu, sabuni iwepo, lakini usikoroge na usihamishe sufu ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi. Ukikoroga, magamba madogo ya kila unyuzi yanashikana na unatoa beseni zima la kitu kilichogandamana, ambacho hakichaniki wala hakisokoteki. Kwa hiyo tunaizamisha, tunaiacha, tunakaa. Muda huo wa kukaa ndio mazungumzo marefu kuliko yote yanapofanyika, na mikono ya kila mtu imelainika kwa mafuta yale.

Nimeona watu wakisema mambo mazito katika duara letu ambayo wasingeyasema wakiwa wameketi mezani kutazamana. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye uzi, ulimi unapata uhuru. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alikaa nasi kwa muda mrefu akichana sufu tu, haongei. Tulimwacha. Siku alipoanza kumtaja marehemu, hakuna aliyesimamisha gurudumu lake la kusokotea, na nadhani ndiyo sababu aliweza kuendelea.

Mwanachama akifariki, familia ikiridhia, tunachukua sufu au pamba aliyoiacha bila kuisokota. Tunaigawana, kila mtu anasokota fungu lake, kisha nyuzi zote zinapigwa pamoja. Kwa wasiojua: uzi mmoja mmoja uliosokotwa upande wa kulia huunganishwa na mwenziwe kwa kusokotwa upande wa kushoto, hivyo kila mmoja unataka kujifungua na katika kujifungua unamkaza mwenziwe. Ndiyo maana uzi wa namna hiyo hutulia na haujiviringi. Tunaulowesha, tunautundika ukauke, tunawapelekea watoto wa marehemu. Ndani yake mikono ya kila mmoja wetu inatofautika, mnene hapa, mwembamba pale, na hatujawahi kuusawazisha.

Msomaji wako ataona kwamba hata ulimwenguni usokotaji wa mikono umekuwa ukiwakusanya watu kwa malengo makubwa kuliko letu. Gandhi aligeuza gurudumu la kusokotea kuwa kiini cha madai ya uhuru wa India, na chama cha wasokotaji kilichoundwa huko mwaka 1925 kilikuwa na wanachama waliolipa ada yao kwa uzi waliousokota wenyewe. Nalipenda sana wazo hilo, na kwetu tunalifuata kwa kiasi: kila mwanachama huweka kicha kimoja cha uzi kwenye kapu la pamoja, na kapu hilo ndilo linalotoa blanketi za watoto wachanga hospitalini. Upande mwingine kuna furaha tupu. Mwezi Juni 1811, huko Newbury, Uingereza, kondoo wawili walinyolewa alfajiri, na baada ya saa 13 na dakika 20 sufu yao ilikuwa koti lililovaliwa na Sir John Throckmorton mbele ya umati. Hadi leo vyama vya wasokotaji katika nchi mbalimbali hushindana kusokota na kufuma shali ndani ya siku moja. Nasi tuna siku yetu ya namna hiyo. Anayejua kuchana anachana, wenye kasi wanasokota, mmoja anapiga nyuzi, mwingine yuko kwenye kitanda cha mfumi akipaza sauti kwamba mshindio umemwishia. Siku hiyo hata wanaokuja kutazama hupewa kazi, angalau ya kushika kicha cha uzi kwa mikono miwili mtu mwingine akiviringisha donge.

Sasa ombi. Ukumbi tuliokuwa tukiutumia ulifungwa kwetu kwa maelezo kwamba kikundi chetu hakiingizi chochote. Tulijitolea kufagia, kupanga viti na kulipa umeme tulioutumia, haikusaidia. Nimeumia, na bado naumia, kwa sababu hatukuomba ukumbi wa bure bali saa chache ambazo milango ilikuwa imefungwa na viti vimepangwa ukutani. Tangu hapo tunazunguka kwenye sebule za wanachama. Sebule ni ukarimu, lakini mgeni anaona haya kubisha hodi nyumbani kwa mtu asiyemjua, na tangu tuhame wageni wamepungua. Ukumbi wa umma una mlango ambao mtu yeyote anaweza kuchungulia, akatazama, akaondoka, na wiki mbili baadaye akarudi na kuketi. Wengi wetu tuliingia hivyo.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa maktaba na kumbi za umma watenge kona moja, saa chache, kwa vikundi vya ufundi visivyo na mapato: wasokotaji, wafumaji, wasusi wa vikapu, wachonga vijiko. Sisi hatuna kelele na hatuachi uchafu usiofagilika. Tunahitaji mwanga wa kutosha, sakafu isiyo na zulia ili sufu ifagilike, na viti visivyo na mikono. Na wewe, Mhariri, ukitenga sehemu ndogo ya gazeti kwa matangazo ya mikutano ya vikundi kama hivi, utakuwa umetusaidia kuliko msaada wa fedha.

Msomaji aliyeandika wiki iliyopita namkaribisha aje. Asilete kitu. Kijiti cha kusokotea tutampa, tunavitengeneza wenyewe kwa fimbo nyembamba na kisahani cha mbao, na sufu iliyokwisha kuchanwa ipo. Akae karibu na bibi, upande wa kulia, maana bibi hutumia mkono wa kushoto na wakikaa upande mwingine viwiko vinagongana.

Wako,
Msokotaji